Madamu Anasali Wapi?

Jumatatu, 18 Desemba

Msimamizi wa kiwanda cha mikate amestaafu. Kiti kitupu. Kitajazwa Jumamosi. Wa kukijaza ni Madamu, meneja wetu mpya, na wa kukikalia ni mimi. Mimi ndiye ninayeandika juu ya keki zote zinazotoka hapa. Kila bibi harusi wa mji huu amepongezwa kwa mkono wangu. Mpinzani ni mmoja tu, Bwana Moto, mtu wa tanuri. Anajua kuoka mikate. Basi. Mwandiko wake kama kuku amepita kwenye unga.

Kuna haraka. Mama mkwe anakuja kula Krismasi kwetu, na nimeshamwambia kwamba cheo nimekipata. Nilimwambia mwezi wa tisa. Siku ya harusi yetu mama huyu aliwaambia watu kwamba binti yake ameolewa na mdomo. Kauli hiyo imenikaa rohoni mpaka leo. Akigundua kwamba cheo hakipo, sitakuwa na pa kuweka uso, na mke wangu naye hatakuwa na pa kuweka wake.

Mwaka huu Krismasi na Idi zimeangukia wiki moja. Mpango wangu ni huu: nimpe Madamu salamu ya sikukuu yake kabla ya mtu mwingine yeyote, juu ya keki, kwa mwandiko wangu. Atalainika. Shida ni kwamba hakuna anayejua sikukuu yake ni ipi. Mlangoni pake pameandikwa "Meneja" tu. Kumtazama kichwani hakusaidii. Humu ndani sote tumefunika nywele, hata mimi mwenye upara.

Saa nne nikampelekea chai. Akashika shavu, akakisukuma kikombe pembeni. Amefunga! Kumbe Mwislamu. Kazi imekwisha kabla haijaanza.

Jumanne, 19 Desemba

Leo nimefunga. Nina haki kabisa. Baba yangu alikuwa Mwislamu, mama Mkristo, mimi mvivu. Ninaweza kuangukia upande wowote.

Sikujua kwamba mikate inanuka hivi. Miaka yote nimeipita kama ukuta. Leo kila skonzi ilikuwa inaniita kwa jina. Nimeramba kidole chenye krimu mara kadhaa, lakini hiyo ni kazi, haihesabiwi.

Adhuhuri nikapita mbele ya Madamu huku nimekausha midomo. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba sisi tuliofunga hatulalamiki. Akasema amefurahi kujua, atalikumbuka wakati wa kupanga zamu za sikukuu. Sikukuu hizi kiwandani kwetu zina utaratibu wake wa siku nyingi: Waislamu hushika zamu ya Krismasi ili Wakristo wakae na familia zao, na Wakristo hushika ya Idi. Watu hawaachi kula mkate. Ni utaratibu mzuri, lakini msimamizi hahangaiki na mambo ya zamu, kwa hiyo haunihusu.

Bwana Moto naye amefunga, tena mbele ya tanuri. Aliponiona nimeegemea gunia la unga akaniletea kiti, akasema mtu wa mara ya kwanza asijitese, aende taratibu. Nimekikalia kiti, lakini nimemwelewa. Anataka nionekane dhaifu.

Jumatano, 20 Desemba

Nimepita dirishani kwa Madamu mchana. Anakula ndizi! Polepole, kwa upande mmoja wa mdomo, lakini anakula. Juzi lilikuwa jino.

Kwa hiyo ni Mkristo. Nimefungua hapohapo kwa skonzi tatu, nimejificha nyuma ya mashine ya kukandia. Ya nne nimekula hadharani, kwa sababu Mkristo haoni aibu.

Bwana Moto amenikuta mdomo umejaa. Hakunicheka. Alisema Mungu anajua mioyo. Nimeudhika sana.

Alhamisi, 21 Desemba

Nimemwamkia Madamu kwa "Bwana asifiwe!" Akajibu, "Asante, na wewe pia." Si jibu lililozoeleka, lakini pengine kanisani kwao ndivyo wanavyojibu. Nimeimba tenzi kutwa nzima. Nimeandika keki ya mtoto wa mteja huku naimba, nikamwandikia "Haleluya" badala ya jina lake. Mteja amerudisha.

Jioni nikamdokezea Madamu kwamba mimi ni mtu wa kwaya. Akaniangalia kidogo. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia sauti ya tatu. Akasema sawa, atalikumbuka hilo pia kwenye zamu.

Mama Watoto ameniuliza chakulani kwa nini nanukia kahawa na ubani kwa pamoja. Nimemwambia ni mambo ya uongozi.

Ijumaa, 22 Desemba

Balaa. Leo mchana Madamu amejitanda mtandio, amechukua mkoba, akashika ule mtaa wa msikitini pamoja na waumini wote. Nimemwona kwa macho yangu. Alirudi baada ya swala, ametulia, kama mtu aliyeondolewa mzigo.

Yupo huku au yupo kule? Nimekaa stoo nikifikiri mpaka kichwa kimeuma. Halafu likanijia. Keki moja, pande mbili! Mbele Krismasi, nyuma Idi. Itakaa kwenye kile kibao chetu cha kuzungushia keki. Mimi nitamwangalia machoni. Macho yakienda kushoto nazungusha kushoto, yakienda kulia nazungusha kulia. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Wahenga hawakuwa na kibao.

Jumamosi, 23 Desemba

Nimeingia ofisini kwa Madamu na keki. Nyota nyeupe upande mmoja, mwezi na nyota upande wa pili, mwandiko wa dhahabu kote. Sijawahi kuandika vizuri hivyo. Nilisimama kama bwana harusi.

Madamu akainuka kuja kuitazama. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Akaja upande wa kulia, nikazungusha. Akahamia kushoto, nikazungusha. Akasimama. Akasogea tena, polepole, nami nikazungusha polepole. Tumeizunguka ile meza kama watu wanaotafuta pete iliyoanguka. Mwishowe akakishika kibao kwa mkono wake, akakizungusha mwenyewe, akasoma mbele, akasoma nyuma.

Akanishukuru. Akasema kwa upole kwamba katika imani yao hawasherehekei sikukuu yoyote, si hii si ile, wala siku za kuzaliwa, lakini hana neno na wanaosherehekea. Keki ikatwe katikati, wateja wapo wa pande zote mbili. Na kule mtaa wa msikitini kuna daktari wake wa meno.

Halafu akasema mengine. Msimamizi mpya ni Bwana Moto. Nami, kwa kuwa Jumanne nilijieleza kuwa Mwislamu, amenipanga zamu ya Krismasi. Na kwa kuwa Alhamisi nilijieleza kuwa Mkristo, amenipanga na ya Idi. Akauliza kama amekosea mahali. Nilitafuta kosa. Sikuliona.

Nikamfuata Bwana Moto, nikamuuliza kama alijua kwamba Madamu hana sikukuu. Alijua. Tangu lini? Tangu wiki aliyofika. Alijuaje?

"Nilimuuliza, ndugu yangu. Kuuliza si ujinga."

Mbinu za chinichini kama hizo mimi siziwezi.

Jumapili, 24 Desemba

Mama mkwe amefika na kuku wawili hai na shingo iliyonyooka. Kabla hajakaa ameuliza msimamizi yuko wapi. Nikasema ndiye huyu. Akasema kesho wakitoka kanisani atapitia kazini akaione ofisi yangu, maana ameshawaahidi wenzake wa chama cha akina mama kwamba atawasimulia ilivyo. Nimemwambia vumbi la unga ni baya kwa watu wazima. Akasema amelea watoto saba kwenye moshi.

Tulipokuwa wawili tu jikoni, mke wangu akaniuliza taratibu: "Baba Watoto, hicho cheo unacho kweli?" Nikamwambia karibu. Hakugomba. Aliendelea kuosha mchele, akauosha tena uliokwisha kuoshwa. Nilitamani angenigombeza. Nimeona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni.

Nimejaribu kuumwa tumbo. Hakuna aliyeniamini.

Jumatatu, 25 Desemba

Wamekuja. Mimi nilikuwa sakafuni na aproni iliyolowa, ninasugua trei, kazi ya mwisho kabisa humu ndani. Zamu nzima Waislamu na mimi. Mama mkwe akasimama mlangoni na gauni lake la kanisani, akaangalia huku na huku akitafuta ofisi. Mke wangu aliinamisha uso. Siku zote nitaukumbuka uso ule.

Bwana Moto alikuwa pale kati na koti jeupe la usimamizi. Akamwona mama, akamwona mke wangu, akaniona mimi. Akalivua. Akaja nalo mpaka nilipo.

"Mkubwa, koti lako hili. Nimekushikia vya kutosha. Hizo trei niachie, umeshatuonyesha zinavyosuguliwa."

Akapiga magoti akaanza kusugua, mtu mwenye swaumu. Nikavaa koti. Mikono ilinipwaya mpaka vidoleni. Nikamtembeza mama mkwe kwenye tanuri, nikamtembeza kwenye stoo, nikanyoosha kidole kwenye kila kitu.

Ndipo Madamu akatoka ofisini. Roho ikanipaa. Huyu mama hasemi uongo, hata wa adabu. Mama mkwe akamtakia heri ya Krismasi, Madamu akamkaribisha vizuri tu, akamshukuru. Kisha mama mkwe akauliza, moja kwa moja, kama mkwewe ni mfanyakazi wa maana. Madamu akanitazama, akalitazama koti, akamtazama Bwana Moto aliyepiga magoti.

"Mama, katika maisha yangu yote ya kazi sijaona mtu mwingine anayeshika zamu za sikukuu zote mbili."

Mama mkwe alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alinishika bega. Hajawahi kunishika bega. Akasema labda alinihukumu mapema, na machozi yakanilenga, sijui kwa nini. Aliponiuliza baada ya usimamizi mtu anakuwa nini, nikasema meneja. Lini? Mdomo ukajibu wenyewe: Pasaka.

Walipoondoka Bwana Moto akachukua koti lake, akanirudishia brashi.

Jumatano, 27 Desemba

Mwezi umeandama, leo ni Idi. Nipo kazini na Wakristo. Bwana Moto yuko kwao na wanawe, ametutumia bakuli la tambi kiwandani. Mke wangu anasema nimtengenezee keki ya shukrani, niiandike vizuri, na nikamwombe radhi. Nimeshangaa. Mtu akikuvulia koti mbele za watu maana yake anakuogopa. Hilo hata mtoto anajua.

Mama mkwe ameahirisha safari ili awapigie ndugu simu wote kwa utulivu. Ukoo mzima unakuja Pasaka kumwona meneja. Mke wangu amekwenda kulala mapema.

Muda upo. Anayemteua meneja ni mwenye kampuni, na huyo naye hakuna anayejua anasali wapi. Leo ameshuka kwenye gari pale getini, nikajibanza nyuma ya magunia kumchunguza. Akapiga chafya. Hakusema kitu chochote baada ya chafya. Mwislamu angemshukuru Mungu. Basi ni Mkristo, tena wa kwaya, chafya yenyewe ilikuwa ya sauti ya nne.

Kesho naingia kazini ninaimba.