Jinsi Nilivyowafundisha Vichwa Watu wa Mulekera

Jumatatu, tarehe 9 Februari

Mzee Gracien, rais wa timu yetu ya mtaa wa Mulekera, ameigawa timu vipande viwili. Nusu kwangu, nusu kwa Kyakimwa, muuza maharage aliyewahi kucheza timu ya wanawake. Jumamosi tunapambana, magoli ya kichwa peke yake, maana mwaka jana hatukufunga hata moja la namna hiyo. Atakayeshinda ndiye entraîneur, kocha wa timu nzima. Mimi kushindanishwa na muuza maharage! Tatizo ni moja: tangu Noeli baba mkwe wangu wa Butembo anajua kwamba mimi tayari ni entraîneur. Nilimwambia mwenyewe. Anakuja kuona.

Jumanne, tarehe 10

Nimepita uwanjani kwao. Aibu. Wanaume wenye ndevu wamepiga magoti wawili wawili, mmoja anarusha mpira kwa mikono, mwenzake anaurudisha kwa paji la uso. Kisha wakafunga kamba kati ya miti, wakawa wanapigiana mpira kwa vichwa juu yake kama watu wanaogombea pa kuanika nguo. Kyakimwa anawaambia wasifumbe macho. Ndiyo ufundi huo?

Mimi nimeloweka mpira wa zamani ndani ya ndoo tangu asubuhi. Mpira mzito, shingo ngumu. Sayansi.

Jumatano, tarehe 11

Hassan, mshambuliaji wangu, mwendesha taxi-moto, ameupiga mpira wa ndoo kichwa kimoja. Akakaa chini. Kisha akasema anarudia pikipiki yake, kule angalau anavaa casque kichwani. Wengine wakataka kumfuata. Waoga. Nimemwaga maji, wote wakabaki.

Alhamisi, tarehe 12

Nimejificha kwenye migomba kupeleleza. Kyakimwa aliniona kabla sijachuchumaa vizuri. Hakukasirika, alinikaribisha kwenye duara. Anarusha mpira na kusema neno: akisema "mikono", unapiga kichwa, akisema "kichwa", unadaka. Anayekosea anatoka. Mchezo wa watoto wa maternelle. Nikatoka wa kwanza. Tukarudia, nikatoka wa kwanza tena. Pua imevimba. Mke wangu Mariette aliuliza nani kanipiga. Nikamjibu kwamba ni mpango.

Na ni mpango kweli, maana nimeuiba mchezo wao. Jioni watu wangu wameucheza mpaka giza.

Ijumaa, tarehe 13

Akili inafanya kazi. Kesho kona ikipigwa, nitapaza sauti: "Kichwa!" Watu wa Kyakimwa, waliozoea kugeuza maneno, watadaka mpira kwa mikono mbele ya mtaa mzima. Juma, gardien wangu, mlinda goli, mtu asiyejua kukataa, alisema polepole: "Lakini Papa Onésime, na siye tumezoea ule muchezo." Nilimwambia kazi ya gardien hapana kufikiri.

Jumamosi, tarehe 14

Sitaki kuandika. Naandika.

Baba mkwe alikaa mbele, kwenye kiti cha kanisa. Kona ya kwanza nikapaza sauti. Watu wa Kyakimwa hawakugeuka hata. Wanasikiliza sauti yake tu. Hassan ndiye aliyesikia. Akaudaka mpira vizuri kabisa, mikono miwili, mbele ya goli tupu.

Tulibaki bila bila mpaka karibu na mwisho. Mpira mmoja ukaelea kuelekea kwa Juma, mpira wa bure, hata bibi yangu angeudaka. Nikasahau. Nikaita: "Mikono, Juma, mikono!"

Juma ni mtiifu. Akaruka macho wazi na kuupiga kichwa ndani ya goli letu.

Mzee Gracien amempa Kyakimwa filimbi. Kyakimwa akanishika mkono, akaniomba nimsaidie kufundisha. Huruma ya muuza maharage.

Jumapili, tarehe 15

Mezani baba mkwe alisifu. Kumbe macho yake hayatambui vizuri goli ni la nani. Akauliza: "Ule mutu wa kichwa muzuri, nani alimufundisha?"

Mariette alitazama sahani yake.

"Ni miye, Baba," nikasema.

Anataka nikawafundishe vijana wa kanisa lao Butembo. Mariette anasema nimwambie ukweli kabla hajapanda gari. Wanawake hawaelewi mpira. Nimekwisha kuwapasha majirani habari kwamba Butembo ni mapito tu: Kinshasa wananifuatilia.