Picha za Cucu na Flash Yangu Mpya

Leo nimeaibika mbele ya mama ya Njeri, na bado masikio yanachoma.

Njeri ni mchumba wangu. Mama yake anaishi Spring Valley na ana kompyuta nzee, ya monita yenye mgongo mkubwa. Ukiiwasha, unaweza kupika chai na kuinywa kabla iwe tayari. Mimi nikajitolea kutoa Windows niweke mfumo wa Linux, iende mbio, tena bure. (Nani alinituma? Hakuna.) Alikubali, ila akanionya kwamba picha za marehemu mama yake ziko humo ndani. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo.

Asubuhi nimetoka kwangu Satellite na CD ya Linux, na flash mpya niliyonunua Ngara. Folda ya picha ilikuwa pale mbele ya skrini, imeandikwa "Cucu", yaani nyanya, vile Njeri alikuwa akimwita. Nikainakili kwa flash. Ikamaliza kabla sijavuta kiti. Nikasema moyoni, kitu kipya ni kitu kipya. (Hapo mtu mwenye akili angeshtuka.)

Nikaweka CD, nikawasha upya. Mashine ikaniuliza kama nataka kufuta diski yote. Nikatoa flash mfukoni, nikaiangalia, nikairudisha. Nikabonyeza ndiyo.

Linux ikaingia vizuri kabisa. Mama akaleta chai, akaita na shangazi wawili wa Njeri waliokuwa wamemtembelea. Akasema tuanze na picha za Cucu. Nikachomeka flash. Ndani kulikuwa na kitu kimoja tu, chenye kimshale pembeni. Nikakibonyeza. Hakikufunguka. Nikabonyeza tena, polepole, kama mtu anayeamsha mgonjwa.

Nilikuwa nimenakili shortcut. Ile alama ya kuonyesha tu folda iko wapi. Folda yenyewe nilikuwa nimeifuta kwa kidole changu.

Shangazi mmoja akaniuliza picha ziko wapi. Sijui ni nini kilinipata, nikapiga magoti kwenye zulia.

"Mama, nimepoteza picha za Cucu. Tafadhali usimkataze Njeri kuolewa na mimi."

Shangazi wakaweka vikombe chini. Mama akatoka. Nikabaki pale chini, nikihesabu maua ya zulia. Aliporudi alikuwa na CD mkononi.

"Juzi nilipeleka kompyuta kwa cyber wakanitolea kopi," akasema. "Ulikuwa unajiamini sana, Kamau. Niliogopa. Sasa simama, umemwaga chai."

Picha zote zimefunguka. Cucu anacheka kwa karibu kila moja.

Kabla nifike stage ya matatu, shangazi walikuwa wameshampigia Njeri simu. Ametuma meseji moja tu: mbona yeye sijawahi kumpigia magoti?

Nyinyi mnaocheka, chekeni baadaye. Saa hii nipeni jibu la kumtumia Njeri.