Utetezi wa Cheche

Jumatatu, 4 Machi

Kwako Shajara Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nafungua kurasa zako kwa kusudi moja tu: kuweka kumbukumbu za utumishi wangu katika cheo cha Msomaji wa Kwanza. Cheo hiki nimepewa na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Hakina mshahara. Nisingekibadilisha kwa kiti cha jaji!

Maelezo mafupi. Mpwa wangu anasomea uuguzi. Akipata nafasi kidogo, hata kwenye foleni, huandika hadithi za mashabiki kuhusu Kimulimuli, yule shujaa wa katuni anayeruka angani akiwaka. Wala si Kimulimuli mwenyewe. Humwandika mwanafunzi wake, Cheche, msichana ambaye kwenye katuni alionekana mara moja tu, nyuma ya mlango, bila kusema neno. Mpwa wangu amempa maneno. Amempa pia hofu ya mbwa, ulimi mkali, alama mbovu za hesabu, na mwili unaowaka kila anapoona haya, hata hana pa kujificha. Watu wanampenda hadi wanagombana.

Kazi yangu ni kupokea sura mpya kwenye simu, kunyoosha nukta na mikato, kisha kubonyeza kitufe ili wasomaji waipate. Yeye wodini haruhusiwi kushika simu.

Leo imefika sura. Cheche kachelewa kwenye moto kwa sababu alikuwa akigombana na mama yake juu ya sufuria ambayo hakuiosha. Bibi jirani ameokolewa na wengine. Nyumba yake imeteketea. Cheche anasimama kwenye majivu, anawaka kwa aibu, na watu wanamshukuru wakidhani anawamulikia njia. Nikalia mezani pangu kibarazani, mbele ya ofisi ya ardhi, saa za kazi! Mteja aliyekuja kuandikiwa maombi ya kiwanja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu kuwa ni vumbi.

Kipaji! Damu yetu hiyo!

Lakini. Msichana wa watu ataachwaje ahukumiwe hivi hivi, bila wa kumsemea?

Jumanne, 5 Machi

Nimewaandikia watu maombi katika kibaraza hiki tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Kanuni ya kwanza ya kazi hii: mteja hana kosa. Aliyechelewa, alicheleweshwa. Aliyevunja, kilivunjikia mikononi mwake. Kwa kanuni hiyo nimewarudisha kazini watu ambao hata wake zao hawakuwataka nyumbani.

Nikamsaidia Cheche. Kidogo tu. Sasa amechelewa "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wake". Sufuria imeoshwa. Aidha, nyumba ya bibi ilikuwa chakavu. Nikabonyeza. Nikanywa chai kwa raha ya mtu aliyetenda wema wa siri.

Jumatano, 6 Machi

Balaa!

Wasomaji wamechachamaa. Mmoja kauliza Cheche kachaguliwa lini kuwa mwenyekiti wa bodi. Mwingine kaandika kwamba Cheche wake amepotea, atakayemwona amrudishe. Fundi simu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wangu, kaisoma kwa sauti mbele ya wateja. Kisha kila aliyeulizia simu yake akajibiwa kwamba kioo hakijapona kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa fundi. Wakacheka hadi wakashikana mabega.

Mchana mpwa wangu akaja na sare yake ya wodini. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akaniambia taratibu kwamba Cheche anapendwa kwa kuwa amekosa na anajua amekosa. Kuna binti mmoja, akasema, alisoma sura iliyopita akaenda kumpigia mama yake simu baada ya kununiana muda mrefu. Akamalizia: "Mjomba, umeosha sufuria, ukamfuta na Cheche mwenyewe."

Amebadilisha neno la siri la ukurasa wa hadithi. Cheo kapewa fundi simu! Mtu ambaye bango lake lote lina nukta moja, nayo ni ya inzi!

Alhamisi, 7 Machi

Nimewasilisha Ombi la Kurejeshwa Cheoni. Ukurasa mzima. Kazi safi. Aya ya pili peke yake ingemlainisha mkuu wa magereza.

Mpwa wangu akalisoma amesimama mlangoni, akanirudishia. Kasema ametafuta neno "nisamehe" hajaliona. Nikamwonyesha mahali nilipoandika "najutia hali iliyojitokeza". Akajibu kwamba hali haikujitokeza, niliileta mwenyewe kwa kidole. Akaenda zake.

Dada yangu alikuwa akimenya vitunguu. Bila kuinua macho akakumbusha kwamba hata nilipovunja kabati la marehemu mama, nilisema kabati lilikuwa limechoka.

Lilikuwa limechoka!

Ijumaa, 8 Machi

Mbinu mpya. Nitaunda shujaa wangu, kijana mwenye kasoro tele, ili mpwa wangu aone kwamba somo limeniingia. Jina lake Ngao. Nikamwomba dada anisaidie kasoro za kijana wa kubuni. Akazitaja zote bila kupumua: mbishi, hasikii la mtu, hujisifu, akikosa hutafuta wa kumsingizia. Nikastaajabu. Sijui huwa anakutana wapi na watu wa aina hiyo.

Nikaandika kutwa. Ajabu ni kwamba kila kasoro ilipofika kwenye karatasi ilikuwa imevaa suti. Ubishi wa Ngao ukawa "msimamo". Majisifu yakawa "kujitambua". Alipoanguka kutoka paa la soko, lawama ikaliangukia paa.

Nikajikaza, nikampelekea fundi simu. Kasoma hadi mwisho, kwa heshima kabisa, akanirudishia akisema, "Bwana Risala, huyu kijana hatafuti kupendwa. Anatafuta ajira." Mteja wake akauliza kama ataambatisha na picha ndogo.

Jambo moja lazima nilikiri, kwa kuwa shajara haipaswi kudanganywa. Alasiri fundi alimsomea mama mmoja sura mpya ya Cheche huku akimbadilishia betri. Niliisikia kupitia ukutani, kama mwizi. Cheche amerudi kwa yule bibi. Anaanza kuokota misumari iliyobaki kwenye majivu, mmoja mmoja, na bibi anachuchumaa kando yake, wanaokota wote. Basi! Hakuna kuruka angani, hakuna adui. Bisibisi ikanyamaza. Na mimi huku upande wa pili nimeweka kiganja ukutani.

Mpwa wangu yule ataandika makubwa. Na si mimi niliyesoma kwanza.

Jumamosi, 9 Machi

Ombi la pili lilikuwa tayari, pamoja na kiambatisho. Nikasubiri jioni, saa ambayo mpwa wangu hupita kibarazani akitoka wodini. Akaja. Viatu mkononi, macho mekundu kwa uchovu. Nikasimama kwa adabu, nikainua karatasi, na upepo ukainyakua. Ikaenda moja kwa moja mtaroni, na kiambatisho chake.

Nikabaki mdomo wazi bila rasimu! Na yeye ananitazama. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Niliharibu, mama. Nisamehe."

Masikio yakanipata moto. Fundi anadai niliiva uso mzima nikawaka kama Cheche, hata yeye angeweza kulehemu bila taa. Mpwa wangu akaketi kwenye kiti cha wateja, akacheka, akafuta macho, akaniegemezea kichwa begani. Nikaona nafasi. Nikaanza, "Pamoja na hayo, izingatiwe kwamba—" Akaniziba mdomo kwa kiganja.

Nimerejeshwa! Neno la siri ninalo! Sharti moja tu: nisiguse hata mkato. Fundi kakabidhi cheo bila kinyongo, akanipa na kifuniko kipya cha simu.

Ni dhahiri kwamba ombi la Alhamisi lilikuwa bado linamfanyia kazi moyoni. Hoja nzito huchelewa kufika.

Jumatatu, 11 Machi

Sura mpya imefika, na mimi ndiye wa kwanza duniani kuisoma. Wa kwanza!

Cheche yuko mlangoni mwa jiko. Anawaka kwa haya hadi jiko zima linaonekana, kila chombo kichafu, na uso wa mama yake uliochoka. Anasema sentensi moja: "Niliharibu, mama. Nisamehe." Mama anampa dodoki. Wanaosha pamoja kwa mwanga wa Cheche, na kadiri vyombo vinavyotakata, mwanga unafifia, mpaka inabidi wawashe taa. Mwisho.

Nililia hadi mteja akasogeza hati zake zisilowe. Sijapata kusoma kitu kizuri namna hii, wala sitegemei.

Isipokuwa ile sentensi. Iko uchi! Haina msingi, haina utangulizi. Sijui mpwa wangu aliokota wapi maneno fukara kiasi kile. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema hivyo. Sharti ni sharti: mkato sikugusa hata mmoja. Nimeongeza tu, baada ya "nisamehe", maneno "kwa kuzingatia sababu zifuatazo". Sababu zenyewe ni chache. Zimeenea kurasa mbili.

Hivyo basi, Shajara Mheshimiwa, naleta kwako ombi hili kwa unyenyekevu: sura itoke kama alivyoiandika yeye, au kama nilivyoitetea mimi? Naomba uamuzi wako mapema iwezekanavyo, kwa kuwa kitufe nimekwisha kukibonyeza.