Kengele Yangu na Kikapu cha Muzdalifa

Jumatatu, 6 Oktoba

Tangazo limebandikwa nje ya ofisi ya sheha. Kuna wafadhili wanatafuta mbinu mpya za kuzuia wazee wasidhalilishwe wala kutelekezwa. Mbinu mpya! Ninazo tele, nilikosa mfadhili tu. Nimelisoma mara tatu nikiwa nimesimama juani. Wanataka wazo ambalo halijafadhiliwa popote, na mzee mmoja wa kulijaribia. Mzee ninaye. Shangazi yangu, Bi Sichana, miaka themanini na moja, anakaa ghorofa ya pili ya nyumba hii hii, mimi nikiwa chini. Ndiye aliyenilea. Mara ya mwisho mimi kupanda kwake ilikuwa Idi. Idi ipi, sikumbuki vizuri. Ngazi zetu za Mkunazini ni kali na goti langu la kushoto si zima.

Jumanne, 7 Oktoba

Wazo limenijia ninaoga. Kengele! Kitufe kando ya kitanda cha mzee. Akikibonyeza, simu ya jamaa yake inaita. Ameanguka, anabonyeza. Kanyimwa chakula, anabonyeza. Nilisimama na sabuni kichwani nikiistaajabia akili niliyojaaliwa. Fundi wa Darajani amekitengeneza siku hiyo hiyo, akapanda kukifunga. Mimi nilimwelekeza kutoka chini. Aliposhuka alisema bibi ananiulizia, na chai ipo. Nikamwambia amjulishe kwamba nimeshughulika, tena kwa kazi inayomhusu yeye mwenyewe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata mpinzani. Muzdalifa, mjane wa nyumba ya mbele, naye amepeleka andiko. Nikamuuliza kwa upole mbinu yake ni ipi.

Kikapu. Anaomba ufadhili kwa kikapu!

Anasema wazee wa maghorofani wameshazoea kuteremsha vikapu kwa kamba kila asubuhi kununua mkate. Basi wanawake wanane wamegawana madirisha ya mtaa. Anayetia mkate humsemesha mzee, huisikiliza sauti yake, huitazama mikono yake inavyovuta kamba. Saa tatu ikifika kikapu hakijashuka, watatu wanapanda bila ya kumwomba mtu ruhusa. Kwao Jambiani, anasema, wanawake wanaolima mwani walikuwa hawashuki pwani kabla ya kupiga hodi kwa kila mzee. Mjini hakuna mwani, ndipo akashika vikapu. Mwaka huu wamewakuta wazee wawili wamefungiwa ndani na watoto wao wenyewe. Anataka fedha za kufundisha mitaa mingine, na za mwanasheria.

Nikamwambia kikapu hakina betri. Amekubali kwamba hakina.

Nikauliza kama shangazi yumo kwenye daftari lao. Yumo, dirisha la kumi na moja. Pembeni ya jina wameandika: jamaa yupo, haonekani. Nimefurahi. Angalau wanakiri kwamba nipo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo niandike yote.

Majaji wa wafadhili walifika saa tatu kasorobo, Bwana Sabri na Bi Khairat. Niliwaketisha sebuleni, nikawasha projekta ya kuazima. Niko ukurasa wa pili, simu ikaita. Nikaikata. Ikaita tena. Nikaikata, nikaomba radhi, nikasema watu wengine hawana adabu, wanamsumbua mtu yumo katika kazi ya wazee. Mara ya tatu nikaizima kabisa. Bi Khairat akauliza kengele ya mzee ikilia itampata nani. Nikamjibu kwamba itanipata mimi, usiku na mchana.

Hapo Muzdalifa akapita mlangoni na wenzake wawili. Hawakukimbia wala hawakupiga kelele. Walishika ngazi tu. Nikatoka kumuuliza kuna nini, akanijibu bila ya kusimama:

"Kikapu hakijashuka."

Nilipanda nyuma yao. Goti halikuniuma hata kidogo.

Shangazi alikuwa sakafuni baina ya kitanda na dirisha. Kitufe alikuwa amekikamata mkononi.

Sijui niyaeleze vipi niliyoyaona. Mmoja alikaa chini akampakata kichwa, anamsomea dua taratibu. Mwingine alimfunga paja kwa kanga mbili. Muzdalifa alichungulia dirishani, akainua kidole kimoja, na kule chini gari lilikuwa limeshasimama. Wengine wakaja, kila mmoja anajua pa kushika. Wakamteremsha juu ya godoro, ngazi zile zile, na godoro halikugusa ukuta hata mara moja. Bwana Sabri alifuata nyuma amebeba viatu vya shangazi kwa mikono miwili. Bi Khairat alikuwa analia. Mimi nilibanwa kwenye kona ya ngazi, nimeduwaa, ninasema subhanallah, subhanallah, mpaka wakaniomba nipishe.

Jumatano, 15 Oktoba

Wafadhili wamemchagua Muzdalifa. Ni haki yake, na nimelisema hilo barazani mbele ya watu.

Shangazi amerudi. Nyonga haikuvunjika, imevia damu tu, lakini hawezi kusimama peke yake. Nilipanda, nikakaa miguuni pake.

"Haroub, mwanangu," akasema, "mie skutaka kengele. Nlikuwa nnakwita wewe."

Uso ule haukuwa na hasira hata chembe. Niliutafuta ugomvi usoni mwake sikuuona. Mtu anaupata wapi moyo mkubwa kiasi hicho, na aliubeba vipi peke yake kule juu, miaka yote hii, mimi nikiwa chini? Nililia kama mtoto. Nikashuka na machozi yangu na wazo jipya kabisa.

Tatizo si wazee! Tatizo ni jamaa zao! Kifaa cha kumfunga jamaa mguuni, kinachotetemeka akipitisha siku mbili hajapanda kwa mzee wake. Kuna wafadhili wengine, mwisho wa kupokea maandiko ni kesho adhuhuri. Nimeshaanza. Sijapata kuandika kwa hisia namna hii.

Shangazi ananiita kutoka juu. Anataka maji. Nimeitika naam.

Ameita tena. Nimeitika naam, safari hii kwa sauti ya heshima zaidi. Namaliza sehemu ya Umuhimu wa Mradi, kisha napanda. Zimebaki kurasa nne.