Mama Mkwe Aambiwa Aseme Anachowaza

Jumatatu, 3 Machi
Nina hasira. Nimejenga tovuti ya kufundisha ushonaji kwa watu wasiojua hata kutia uzi kwenye sindano. Leo meneja anasema haifunguliwi mpaka ijaribiwe na mtu asiyejua kitu. Wazo la Bi Penseli, nani mwingine. Mchoraji wetu huyo ameleta tovuti yake ya karatasi. Karatasi! Mtu anabonyeza kwa kidole, yeye anageuza ukurasa. Meneja amechekelea kama kapewa peremende. Alhamisi zinashindanishwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimemjaribu mke wangu. Hakukiona kitufe cha kuanza. Kiko wazi kabisa, chini ya picha ya tatu, ukishusha ukurasa. Akauliza atajuaje kama kuna chini. Nikamwuliza macho ni ya nini. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Dawa imepatikana. Mama mkwe hajawahi kugusa kompyuta. Nimemwamkia kwa adabu kuliko siku ya posa, nikamfundisha: shusha, picha ya tatu, bonyeza cha buluu. Amekariri. Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema nisiwe na shaka, kinywa chake kina kufuli.

Alhamisi, 6 Machi
Bi Penseli ana roho mbaya. Alimpa mama kiti, akampa maji, akamwambia kwa upole: “Mama, hatukupimi wewe, tunaipima tovuti. Kila unachowaza, kiseme kwa sauti.”

Mama mkwe ni mtiifu. Akasema kwa sauti: “Nawaza mkwe wangu aliniambia nishuke mpaka picha ya tatu. Nawaza alinikataza kuwaambia. Nawaza bila yeye, hiki cha buluu nisingekiona.”

Meneja aligeukia dirishani, mabega yanamcheza. Kisha mama akapewa zile karatasi. Akaenda moja kwa moja mpaka somo la vifungo, akauliza kama anaweza kuondoka nazo.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu hasemi nami. Eti nimemfundisha mama yake uongo uzeeni. Meneja, kwa huruma, kanipa nafasi ya mwisho Jumatatu: nikihamishe kitufe, nilete mtu mwingine. La sivyo nitaijenga tovuti ya Bi Penseli kwa mikono yangu.

Nimekaa, nimetafakari kosa langu, nimeliona. Kitufe sikigusi. Kosa lilikuwa kuchagua mtu mkweli. Kesho naenda kumfundisha shemeji. Ni dalali wa magari; anachowaza na anachosema havijawahi kukutana.