Kazi Huanza Mlango Ukifungwa

Uongozi wa Shirika la Ndege la Pwani Njema una furaha kuutangazia umma kwamba wahudumu wake wa ndani ya ndege sasa wana uhuru kamili wa kujadiliana na mwajiri, mradi wasijadiliane wenyewe.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa hoteli hapa Bagamoyo, upande wa kwenda Kaole. Mimi ndiye niliyeshika karatasi wakati gundi ikitafutwa, kwa kuwa niliitwa kupika chai na vitumbua vya kikao. Naandika niliyoyaona, watu wasije wakasema viongozi hawana huruma.

Mjukuu wangu Hanadi amelihudumia shirika hilo miaka sita, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Alielezwa kuwa mkataba mfupi humfanya mtu ajione kijana. Kipengele cha nne kinasema saa za kazi huanza mlango wa ndege ukifungwa na huisha ukifunguliwa. Kabla ya hapo, wakati anakagua mikanda, anapanga vyakula na kuwapokea abiria, mhudumu anahesabiwa yuko mapumzikoni, ila kwa sare.

Katika mapumziko hayo Hanadi alimwona mzee mmoja wa Miono akihangaika na begi kwenye ngazi za ndege. Akashuka kumsaidia, akateleza, akavunjika mkono. Shirika lilimletea barua ya pole yenye muhuri, likimkumbusha kuwa mlango ulikuwa wazi, hivyo ameanguka katika muda wake binafsi. Matibabu ni juu yake, siku anazolala nyumbani ni utoro, na mkataba ukiisha mwisho wa mwezi hautahuishwa. Yule mzee alikuja kumjulia hali. Alipanda mabasi mawili na kuku mkononi. Hakuwa na muhuri.

Lililobaki lilikuwa mkataba wa hali bora, ule ambao wafanyakazi huuingia kwa pamoja kupitia chama chao. Mwenyekiti wa chama, Dija, binti wa Lugoba mwenye sauti ya kuwaamsha abiria wa viti vya nyuma, alikwisha kuandikisha wahudumu thelathini na mmoja kati ya thelathini na wanane. Chama chenye zaidi ya nusu ya kundi ndicho kinachokaa mezani na mwajiri, kwa hiyo Dija akapeleka orodha.

Uongozi uliipokea kwa mikono miwili, kisha ukalipanua kundi. Kwa waraka mmoja tu, wakurugenzi, mameneja na wasaidizi wao, jumla arobaini na watano, wakawa wahudumu wa ndani ya ndege, daraja la heshima. Siku hiyo hiyo wakaunda Chama cha Wahudumu Wenye Shukrani. Arobaini na watano kati ya themanini na watatu ni zaidi ya nusu. Nilihakikisha kwa vitumbua.

"Bibi, tumepigwa changa la macho," Dija aliniambia jikoni. Nikampa chai. Hanadi alikuwa kando, mkono umefungwa shingoni kwa kanga, akinipangia vikombe kwa mkono mmoja.

Kikao kilianza saa nne. Upande wa mwajiri alikaa Bwana Muataz, Mkurugenzi wa Rasilimali Watu. Upande wa wafanyakazi alikaa Bwana Muataz, Katibu wa Wenye Shukrani. Akiwa mwajiri alivaa koti. Akiwa mfanyakazi alilivua na kuhamia kiti cha pili. Katikati alikaa msuluhishi, Bi Sophia, mwanamke mpole asiyecheka, akiandika kila kilichokubaliwa.

Majadiliano yalikuwa makali. Bwana Muataz asiye na koti alidai kipengele cha nne kibaki kama kilivyo. Bwana Muataz mwenye koti aliomba muda wa kutafakari, akala vitumbua vitatu, akakubali. Kisha wafanyakazi wakadai, kwa hiari yao, kwamba mhudumu atakayekaa siku tano mfululizo bila saa za kazi ahesabiwe amejiachisha kazi. Mwajiri aliguswa sana na moyo huo. Hanadi, ambaye alikuwa na siku ishirini na mbili, alisimama mlangoni na sinia.

Huku kwetu ndoa haifungwi mpaka wahusika waulizwe kwa sauti kama wameridhia. Niliona haya kikao cha watu wazima kikose heshima hiyo. Nikimmiminia Bwana Muataz chai nikauliza, "Mwanangu, na wewe umo humu?"

"Sote tumo, Bibi. Wahudumu themanini na watatu. Sisi ni familia moja."

"Hata hizo siku tano?"

"Hasa hizo."

"Umeridhia?"

"Nimeridhia," akasema. Akavaa koti, akasema tena, "Nimeridhia."

Bi Sophia aliandika mara mbili. Bwana Muataz akatia saini mara mbili, na mkataba ukawafunga wote.

Utekelezaji uliachiwa mashine. Bwana Muataz aliinunua mwenyewe, kwa sababu mashine haina jamaa. Iliusoma mkataba, ikaisoma orodha, ikatafuta nani hajafungiwa mlango wa ndege. Siku ya sita asubuhi, kadi arobaini na sita zilikataa kufungua geti. Moja ilikuwa ya Hanadi. Nyingine zote zilikuwa za daraja la heshima. Kila mmoja alipewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake na siku moja ya kujitetea, yenye saini ya Bwana Muataz. Naye alipata yake.

Wakuu hao wakavaa aproni, wakapitia geti la abiria, wakapanda ndege ya Dodoma kutafuta saa za kazi. Ndege ikaharibika ikiwa bado chini, ikakaa saa sita mlango wazi, juani. Mkurugenzi wa Fedha alimpepea mama mjamzito kwa kadi ya maelekezo ya usalama. Nimeambiwa alimpepea vizuri, na naliandika hilo kwa haki yake. Mashine ikawaandikia sifuri.

Wakaomba mkataba ubadilishwe. Bi Sophia akawaeleza kuwa waliojiachisha kazi hawana kiti mezani. Katika kundi walibaki thelathini na saba, na thelathini kati yao walikuwa wa Dija. Dija akaenda kwa mwenyekiti wa bodi, aliyekuwa peke yake ofisini na simu zote zikilia. Mwenyekiti alitia saini akiwa amesimama: kazi ianze mhudumu anaporipoti, na ihesabiwe hivyo tangu Januari. Kwa saini hiyo Hanadi alikuwa ameanguka kazini. Matibabu yakarudi kwa shirika, utoro ukawa ugonjwa, mkataba wake ukahuishwa, na kadi yake ikafungua geti. Wale wengine walitafutwa kama waliwahi kuripoti ndani ya zile siku tano. Hakupatikana hata mmoja.

Juzi Bwana Muataz alikuja nyumbani kwangu, koti mkononi, akanipa shikamoo nzuri kabisa. Alitaka fomu ya kujiunga na chama cha Dija, kimsemee. Dija, ambaye hugawa fomu barazani kwangu, alikuwa hajafika, nikamkaribisha mgeni kwenye benchi. Alikaa tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Hanadi alimletea chai kwa mkono uliopona.

Bwana Muataz akamuuliza kwa unyenyekevu kama saa zile za kwenye benchi zitahesabiwa.

Hanadi akageuka kuutazama mlango wangu, ambao huufunga wakati wa kulala tu.

"Mlango uko wazi, bosi," akamwambia. "Uko mapumzikoni."