Maktaba Mbili Ndani ya Programu Moja

Jumatatu, 10 Juni
Kazi imepatikana! Mama Immaculée, mwenye maboti yanayovuka kwenda Ubwari, anataka programu ya kutoa tiketi. Mwenzangu Ketsia ataandika sehemu ya abiria, mimi ya shehena za samaki. Kuna maktaba, yaani amri ambazo sehemu zote mbili zinazitumia: kupanga majina, kuchapa tiketi. Ketsia amesema ikae mahali pamoja, kila mtu achote hapo. Nimekubali. Kwa mdomo.

Jumanne, 11 Juni
Nimenakili maktaba nzima kwenye sehemu yangu na kuitia manukato. Jina nimeliacha lilelile, Ketsia asishtuke. Sasa samaki aliyeandikwa leo, tiketi inasema mbichi. Wa tangu jana, mkavu. Akili gani hii! Mama Immaculée atauliza: nani alifanya hivi? Nitakohoa kidogo.

Alhamisi, 13 Juni
Tumeunganisha sehemu zote. Kompyuta ikalalamika: maktaba mbili, jina moja, ichukue ipi? Ketsia alikuwa ametoka kununua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Nikaiambia ichukue yangu kwa kila kitu. Ikanyamaza. Kompyuta ina adabu.

Ijumaa, 14 Juni
Aibu ya bandarini! Abiria wa kwanza alikuwa Papa Mashaka, mzee mwimbaji wa kwaya, aliyejiandikisha jana. Tiketi ikatoka: Mashaka, mkavu. Nyuma yake bibi arusi Fanny, wa leo: mbichi! Shangazi zake wakapiga vigelegele. Wabeba mizigo wakakaa chini kwa kicheko. Papa Mashaka akanishika shati: “We mutoto, mi niko ndagala?” Yeye, dagaa!

Mama Immaculée naye alicheka, akafuta machozi, kisha akasema isipotengenezwa kabla ya boti la kesho, kazi anawapa watu wa Uvira.

Ketsia aliketi kwenye kompyuta. Akafuta nakala yangu, akabakiza maktaba moja ya wote. Ubichi na ukavu akavihamishia sehemu ya samaki peke yake, kwa jina lake lenyewe. Kompyuta ikakubali mara moja.

Jumamosi, 15 Juni
Boti limeondoka, abiria wote ni watu! Mama Immaculée ametununulia samaki, mukeke wa kuchoma. Nimeapa mbele ya Ketsia, mafuta kidevuni: maktaba moja, milele.

Sasa Mama anataka sehemu ya mbuzi. Amenipa mimi! Nimenakili maktaba, kidogo tu, kwa jina lilelile, ili tiketi ionyeshe dume au jike. Hatari iko wapi? Mbuzi hawasomi.